Neno Moja Lililodondoka Kati ya Daktari na Mama

Daktari alikuwa ameshasimama, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango. Alimtazama mama, hakunitazama mimi mkalimani, kama inavyotakiwa, akasema: "You don't necessarily need surgery."

Nikasema: "Huhitaji upasuaji."

Mama akafumba macho. "Mungu apewe sifa," akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira, mashariki mwa Kongo. Mumewe akamshika bega. Daktari aliona mgonjwa amefurahi, naye akatabasamu, akatoka.

Vilikuwa vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Wiki tatu baadaye mama yule yule aliletwa usiku na homa, amejikunja kwa maumivu ya upande wa kulia wa tumbo, na zamu ilikuwa yangu. Miadi yake na daktari wa upasuaji alikuwa ameiacha ipite. Aende kufanya nini, na ameambiwa hahitaji kupasuliwa? Kesho yake asubuhi walimpasua. Nilipoingia chumbani baada ya dawa ya usingizi kumtoka, alinitazama kwa muda mrefu.

"Dada, lakini mulisema sihitaji."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza.

Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtu asitambulike. Sentensi ya daktari na sentensi yangu sijazigusa. Mama amepona, anatembea, anapika. Sentensi zile mbili ndizo zilizonikaa kifuani wiki zote hizi, na ninaandika kwa sababu nadhani wengi tunaoishi kati ya Kiswahili na Kiingereza tunalidondosha neno lile lile, mahali pale pale.

Silabi tano

"Necessarily" si neno geni kwangu. Lina silabi tano, na ungeniamsha usiku wa manane ningekueleza maana yake. Nimekalimani hospitalini hapa Louisville, Kentucky, kwa miaka, na wagonjwa wangu wengi ni Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Basi silabi tano zilipotelea wapi?

Kwanza nilisema ni uchovu. Ilikuwa saa kumi jioni, sikuwa nimekula. Maelezo hayo yalinipa usingizi siku mbili.

Kisha nikanunua kijidaftari. Sikuandika jina wala ugonjwa wa mtu yeyote, maana hayo hayaruhusiwi. Kila nilipotoka chumbani niliandika tu vielezi nilivyokumbuka kuvisikia, na mbele ya kila kimoja nikaweka alama kama nilikivusha au nilikiacha.

Mwisho wa wiki nilikaa mezani nikakisoma, nikaona aibu. Vielezi havikuwa vimedondoka ovyo ovyo. Katika sentensi za kukubali vilivuka vyote salama. "You'll probably go home tomorrow" nilisema "huenda ukarudi nyumbani kesho", bila shida. Vilivyoanguka vyote vilikuwa vimekaa jirani na kikanushi: "not really", "not always", "not quite", "not exactly", "not necessarily". Daktari alikuwa anakanusha nusu, robo, kwa tahadhari. Mimi nilikuwa nakanusha kabisa.

Nikaanza kusikiliza kinywa changu mwenyewe. Kwetu ukanushi umekaa kwenye kichwa cha kitenzi. Ha-, hu-, si-: silabi ya kwanza tu na msikilizaji ameshajua kwamba jambo halipo. Mwingereza anaubandika kwenye kitenzi kisaidizi, "don't", "isn't", "won't", halafu kabla kitenzi chenyewe hakijafika anaacha upenyo. Kwenye upenyo ule ndipo anapoingiza kielezi, na mara nyingi ndipo anaposema jambo alilokusudia hasa.

Sikio langu linasikia "don't". Kinywa kinaanza "hu-". Na "hu-" ikishatoka haina subira, inataka mzizi wake: huhitaji. Kielezi kinafika stendi, basi limeshaondoka.

Kuhamisha "really"

Kuna mchezo niliokuwa naufanya peke yangu garini. Nachukua sentensi moja, nahamisha kielezi kwa hatua moja, nasikiliza kinachotokea.

"It isn't really infected." Kidonda kina kitu. Kimevimba kidogo, kina wekundu, ila muuguzi hadhani kimefikia kiasi cha kuitwa kimeoza.

"It really isn't infected." Ondoa shaka, mama. Nenda nyumbani.

Maneno ni yale yale manne. Kilichobadilika ni nani katangulia. Kinachosimama baada ya "not" kinaingia ndani ya ukanushi na kupunguzwa nao. Kinachotangulia kinabaki nje, kizima, na mara nyingi kinauongezea ukanushi nguvu. Katika "isn't really", kinachokanushwa ni ule uhakika. Katika "really isn't", uhakika ndio unaokanusha.

Kuna mfano ulionitia hofu zaidi. "He didn't deliberately skip the pills" maana yake ni kwamba mzee aliruka vidonge, ila hakukusudia. Pengine alisahau, pengine hakuelewa maandishi ya kwenye chupa. "He deliberately didn't take the pills" maana yake alikataa kwa makusudi. Neno moja limeruka hatua moja, na mtu aliyesahau amegeuka mkaidi. Sentensi kama hizi zinaandikwa kwenye faili, na faili linasomwa na watu ambao hawajawahi kumwona mzee huyo.

Halafu kuna maneno yanayokanusha bila "not" kuonekana popote. Muuguzi anasema "she hardly eats", na aliyejifunza Kiingereza darasani anasikia "hard" ndani yake, anadhani mgonjwa anakula kwa bidii. Kumbe hali kitu, anaonja tu. Ukitaka kuhakikisha kwamba neno hili ni kikanushi kwa siri, sikiliza swali dogo wanalolipachika mwishoni: "She hardly eats, does she?" Sentensi ya kukubali ingepachikwa "doesn't she". Kiingereza chenyewe kinajua kwamba "hardly" limekanusha.

Na sisi tunayo yetu, tena kwa neno fupi kuliko yote. Mtu akisema "sili wali tu", kasema nini? Kwamba hali wali basi, hana sababu, asiulizwe? Au kwamba anakula na vingine pia? Kwenye maandishi huwezi kujua. Sauti ndiyo inayoamua, na uso wa msemaji.

Kiswahili hakina neno hilo?

Mkalimani mwenzangu wa kutoka Bujumbura, mtu ninayemheshimu sana, alinifariji. Alisema: "Dada, usijisumbue. Kiswahili hakina neno la *necessarily*." Nilimwamini. Nakiri kwamba nilimwamini kwa sababu ilinipa nafuu: kosa si langu, ni la lugha.

Nafuu ile ilidumu mpaka Jumapili. Nilikuwa nazungumza na dada yangu wa Tanga kwenye simu, ananieleza juu ya kijana aliyeonekana usiku nyuma ya duka la jirani. Akasema: "Lakini si lazima awe mwizi."

Nilinyamaza. Neno tunalo. Tena tunalo kwa usahihi ule ule: dada yangu hakusema kijana si mwizi, wala hakusema ni mwizi. Ameuacha mlango wazi.

Basi nikarudi kwenye sentensi yangu na silaha mpya. "Si lazima ufanyiwe upasuaji." Nikaisema kwa sauti. Nikaisema tena, safari hii nikijaribu kuisikia kwa masikio ya mama wa Uvira, na nikaona haikai sawa. Ukimwambia mtu "si lazima ufanyiwe upasuaji" anasikia ruhusa. Anasikia: ni hiari yako, ukitaka kataa.

"Si lazima iwe saratani" inasema jambo moja, na "si lazima ufanyiwe upasuaji" inasema jingine. Ya kwanza inahusu kitu kilivyo, hivyo "lazima" inabeba maana ya uhakika. Ya pili inahusu jambo la kutenda, na hapo "lazima" inateleza kuelekea amri na hiari. Nimeongea Kiswahili tangu nizaliwe, na tofauti hii sikuwahi kuiona mpaka iliponigharimu.

Nilijaribu "huenda usihitaji upasuaji". Ni bora, lakini inaegemea upande mmoja; mtu mwenye hofu atausikia upande anaoutaka. Mwisho nilifika hapa: "Huenda upasuaji ukahitajika, na huenda usihitajike. Bado haijajulikana." Ni sentensi mbili kwa neno moja la daktari. Nimeamua ziwe mbili.

Hutakiwi kuacha dawa

Kijidaftari kilifichua jingine, na hili liliniuma kuliko la kwanza, kwa sababu hapa sikudondosha chochote.

Daktari anasema: "You don't have to stop the medicine." Maana yake: hakuna anayekulazimisha kuacha, endelea nayo ukipenda. Mimi, kwa Kiswahili safi kabisa, nasema: "Hutakiwi kuacha dawa."

Sasa isome tena kama mgonjwa. Hutakiwi kuacha. Ni marufuku kuacha.

Ukitazama sarufi yake tupu, "hutakiwi kuacha" ingekuwa na maana ya kutokuwepo kwa takwa. Lakini hakuna anayeisikia hivyo. Ukanushi umekaa kwenye "kutakiwa", ila maana yake inashuka na kutua kwenye kitenzi cha pili. "Hupaswi kunywa pombe" ni katazo. "Hutakiwi kuingia hapa" ni katazo. Kwa hiyo kila "you don't have to" niliyoigeuza "hutakiwi" au "hupaswi", niligeuza hiari kuwa amri. Sijui ni mara ngapi. Ningependa kujua, na sitajua.

Kiingereza nacho kinafanya mchezo huu huu, ila kwenye vitenzi vingine. "You're not supposed to eat" ni katazo, ingawa neno kwa neno "not" imekaa juu ya "supposed". "I don't think he'll come" haimaanishi kwamba msemaji hafikiri. Anafikiri, na anachofikiri ni kwamba mtu haji. Hata sisi tunasema "sidhani kama atakuja" kwa maana hiyo hiyo. Lugha zote mbili zinapenda kuupandisha ukanushi ngazi moja juu, kwa adabu, kwa kulegeza. Tatizo ni kwamba hazikukubaliana ni vitenzi vipi vinavyoruhusu na vipi havivuki. "Have to" hairuhusu. "Kutakiwa" inaruhusu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, na nilidhani ngazi ni moja.

Siku hizi nasema: "Si lazima uache dawa, unaweza kuendelea nayo." Nusu ya pili naiongeza makusudi.

Zamani walikuwa kama sisi

Nilipokuwa natafuta jinsi ya kujieleza haya yote, nilikutana na maelezo ya Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliyoyatoa mwaka 1917. Yalinituliza kwa namna nisiyoitarajia.

Alionyesha kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa kinakanusha mbele ya kitenzi, kama sisi: "ic ne secge", sisemi. Silabi moja ndogo, "ne", inatangulia. Lakini silabi ndogo inafifia masikioni, basi watu wakaanza kuiegemeza kwa neno jingine mwishoni, neno lililotokana na maana ya "si kitu chochote". Ndilo baadaye likawa "not". Kwa muda yakatumika yote mawili. Kisha "ne" ikafa kabisa, na mwegamo ukageuka kuwa nguzo: "I say not". Kati ya karne ya 16 na ya 18 kitenzi "do" kikaenea kwenye ukanushi, "I do not say", na hatimaye "not" ikagandana nacho: "don't".

Mwaka 1983 wanaisimu Arnold Zwicky na Geoffrey Pullum walijenga hoja kwamba "n't" imeacha kuwa neno lililofupishwa, imekuwa kiambishi cha kitenzi. Angalia "won't" na "don't": irabu zenyewe zimebadilika, huwezi kuzipata kwa kubana tu "will not" na "do not". Nilisoma hilo nikaona mzunguko unakaribia kufunga. Waingereza wanarudi kukanusha ndani ya kitenzi, kwa silabi ndogo inayofifia. Muulize mgeni yeyote hapa Marekani jinsi ilivyo taabu kutofautisha "can" na "can't" kwenye simu, pale "t" inapomezwa. Mimi nimejizoeza kusikiliza irabu: "can" inapita haraka haraka kama pumzi, "can't" inakaa.

Nasi tuna egemeo zetu. Sitaki katu. Sikubali kabisa. Sijui hata kidogo. Bibi yangu alikuwa hasemi "sitaki" bila "abadani" nyuma yake, kana kwamba "si-" peke yake haikutosha kufunga mlango.

Bado

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba hasara iko upande mmoja tu, Kiingereza kuja Kiswahili. Nilidhani hivyo pia.

Siku moja muuguzi aliniomba nimuulize mgonjwa kama ameamka vizuri kutoka kwenye dawa. "Bado," akajibu. Nikasema "not yet". Dakika mbili baadaye muuguzi akauliza kama bado ana kichefuchefu. "Bado." Nikasema "yes, still". Muuguzi akanigeukia: "Si amesema neno lile lile?" Ndiyo, ni lile lile. Mara moja ni hapana, mara nyingine ni ndiyo, kutegemea swali. Nilijisikia vizuri siku ile. Kitu kimoja angalau nilikuwa nakifanya sawa bila kufikiri.

Furaha hiyo haikufika mbali. Wiki iliyofuata, kwenye kliniki ya akina mama, dada mmoja wa miaka thelathini na kitu aliulizwa kwa ajili ya fomu: ana watoto wangapi?

"Sijazaa," akasema.

"I don't have children," nikasema. Muuguzi akaandika sifuri.

Nilikuwa nimefika kwenye lifti ndipo nikasimama. Dada yule hakusema "sina watoto". Wala hakusema "sikuzaa". Alisema *sijazaa*. Ile -ja- ina kielezi ndani yake. Waingereza wanalazimika kuweka "yet" mwisho wa sentensi, mahali ambapo mtu anaweza kuisahau. Sisi tumeifunga ndani ya kitenzi, kati ya mtu na tendo, mahali ambapo haiwezi kuanguka. "Sijazaa" ni jibu la mtu anayesubiri. Alikuwa amekuja kliniki kwa sababu anasubiri. Nami nimemwandikia sifuri.

Nilirudi. Nikamwambia muuguzi kwamba mkalimani anaomba kusahihisha: mgonjwa amesema "not yet". Muuguzi akamtazama dada yule kwa namna tofauti, akavuta kiti, akauliza amekuwa akijaribu kwa muda gani.

Mulisema

Wakalimani wa tiba hapa wana kanuni za maadili zilizotolewa mwaka 2004 na baraza lao la kitaifa, na usahihi ni nguzo mojawapo kubwa. Ukigundua umekosea, unasahihisha. Nilizijua tangu mafunzoni. Kwa msimamizi wangu nilikwenda siku ile ile mama alipopasuliwa, nikaeleza, kikaandikwa kinachoandikwa. Lakini kumwambia mama mwenyewe nilichelewa, na hilo ndilo ninalolirudia usiku.

Tatizo langu lilikuwa ni "mimi". Mkalimani anapokuwa kazini, "mimi" yake ameiazima kwa mwingine. Daktari akisema "I", nasema "mimi", na siyo mimi. Mama aliposema "mulisema", wingi ule uliniweka mimi na daktari kwenye kapu moja, na kwa uoga nikakaa ndani ya kapu. Ilikuwa rahisi kumwacha aamini kwamba hospitali ndiyo iliyosema hivyo.

Alipokuja kuangaliwa mshono, wiki mbili baada ya upasuaji, nilimwomba muuguzi dakika moja, nikamweleza kwa Kiingereza nitakachosema ili kisiwe cha siri. Kisha nikageuka.

"Mama, sasa nazungumza mimi mwenyewe, mkalimani. Siku ile ya kwanza daktari hakusema huhitaji kupasuliwa. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nilikosea."

Hakushtuka. Alipanga kitenge chake magotini.

"Sasa yeye alisema nini?"

Nikamwambia zile sentensi zangu mbili. Huenda ukahitajika, huenda usihitajike, bado haijajulikana. Alizisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa hajui."

"Alikuwa hajajua, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akaitazama ile kalenda ya ukutani kwa muda.

"Hivyo mungeniambia," akasema, "ningekuya."